KUFULI LA GEMU ZA ZAMANI: USIJIFICHE NYUMA YA NENO "KUHIFADHI"



Ndugu zangu katika imani, juzi kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, nina sidii ya gemu ya kompyuta, alininunulia marehemu baba. Kompyuta mpya inaikataa. Nikiliondoa kufuli lake ili niicheze, nimeiba?" Nikamjibu, hujaiba. Basi! Watu wamelipokea jibu hilo kama fatwa ya kuhalalisha duka zima.

Kwanza kieleweni kisa chake. Sidii nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilifungwa kwa kufuli liitwalo SafeDisc, linalokagua kama sidii ni ya asili au ni nakala. Mwaka 2015 Windows 10 ilipotoka haikulikubali tena, kwa sababu za usalama, na Septemba mwaka huohuo Microsoft ikalizima hata kwenye Windows 7 na 8. Matokeo yake ni kichekesho: aliyenunua kwa jasho lake anafungiwa nje, na mwenye nakala ya wizi anacheza raha mustarehe. Mnaoniambia Muislamu hutimiza sharti alilokubali, ni kweli, lakini sharti lile liliwekwa asinakili akagawa, halikuwekwa asicheze. Hapo hakuna aliyedhulumiwa. Hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja makufuli haya, mwaka 2003 walitoa ruhusa maalumu kwa programu na gemu zilizo kwenye vyombo vilivyopitwa na wakati.

Sasa nyinyi wengine.

Mmoja ameandika: "Gemu zilizotelekezwa ni luqatwa." Subhaanallah! Luqatwa ni mali iliyopotea, usiyemjua mwenyewe. Na hata hiyo, Mtume (s.a.w.) alifundisha utambue chombo chake na kamba yake, uitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija umpe. Gemu yako ukiiwasha, kitu cha kwanza kuonekana ni jina la mwenyewe! Umeitangaza wapi? Mzee akifunga duka miaka kumi, hujapata ruhusa ya kuvunja mlango.

Mwingine anasema anahifadhi urithi. Haya, urithi kweli unapotea. Flopi hufifia, na utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka huko hazipatikani tena sokoni. Maktaba na makumbusho yanayopambana na hilo nayaunga mkono. Lakini mhifadhi huandika kitu kilitoka wapi, hukitunza, wala hakiuzi. Wewe una flashi ya gemu 50, nyingine za mwaka jana, unazirusha kibandani kwa shilingi elfu mbili. Unahifadhi nini, tumbo?

La tatu ndilo lililonikasirisha: "Sheikh, hizo kampuni ni za makafiri." Ndugu yangu, Makuraishi walipopanga kumuua Mtume (s.a.w.), amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Alihama, akamwacha Ali (r.a.) Makka azirudishe, moja baada ya moja. Kwa waliotaka kumuua! Wewe aliyekutengenezea gemu amekufanya nini? Tena Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano, Kuwait, Desemba 1988, ilikwisha kuamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali za wenyewe, haijuzu kuzivamia. Haikusema mwenyewe awe wa dini gani.

Kijana wangu, kwanza tazama kama gemu yako inauzwa tena. Duka la GOG la Poland, tangu mwaka 2008, linauza gemu za zamani bila kufuli, kwa ruhusa ya wenyewe. Isipokuwepo, fungua ya kwako, sidii ya baba iweke kabatini, na usiipandishe mtandaoni.

Na yule aliyeandika "Sheikh kahalalisha zote" chini ya andiko langu la juzi, aifute kabla ya Ijumaa.

Wallaahu a'lam.