Nyambizi ya Nyuklia: Jina Moja, Maana Mbili

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. "Nyambizi ya nyuklia" ni jina linalozidisha giza, kwani halibainishi iwapo nyuklia ni nguvu ya kuendeshea chombo au ni silaha kilichobeba. Savannah, meli ya Marekani iliyoshushwa majini mwaka 1959, iliendeshwa kwa kinu cha nyuklia, ilhali ilichukua abiria na shehena tu. Nayo K-129, nyambizi ya Umoja wa Kisovieti iliyozama mwaka 1968, iliendeshwa kwa dizeli, ilhali ilibeba makombora ya nyuklia.

Utata huu haukomei baharini. Mwaka 2025 serikali ya Kenya iliitaja Siaya, kandokando ya Ziwa Viktoria, kuwa mahali pa kujengea kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Mkulima wa chai wa Nyamira au mchongaji mawe wa Tabaka, Kisii, alisikiapo neno "nyuklia" redioni, atajuaje kama linahusu umeme au bomu? Asiyeelewa hawezi kukubali wala kukataa kwa hiari yake.

Basi walimu na wanafunzi wa Kiswahili watenganishe "inayoendeshwa kwa nyuklia" na "yenye silaha za nyuklia". Maneno yataongezeka, lakini wananchi watajadili jambo wanalolifahamu.