Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake



Wapendwa taifa la Mungu, sura ya tatu ya Kitabu cha Nehemia wengi huiruka, maana imejaa majina magumu kutamka. Lakini majina hayo ni kumbukumbu ya mji uliojijenga upya. Humo wamo makuhani, wafua dhahabu na watengeneza manukato. Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Na wengi walijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao. Kazi ikamalizika kwa siku 52.

Tuzingatie namna ilivyoanza. Nehemia alifika Yerusalemu akiwa na barua za mfalme mkononi, na angeweza kutoa amri tu. Badala yake aliuzunguka mji usiku, akayaona mabomoko kwa macho yake, ndipo akawaita watu na kushauriana nao. Mamlaka ya mfalme na mikono ya majirani vikakutana.

Nchini kwetu Tanzania jambo hili si geni. Katika miaka ya 1990, wakazi wa Hananasif, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, mahali palipokuwa pakisumbuliwa na mafuriko, walijenga mitaro na barabara za mtaa wao. Serikali ya jiji ilishiriki, na Shirika la Kazi Duniani likatoa msaada wa kitaalamu. Lakini wakazi hawakuitwa kushika sepetu tu. Walikuwa na chama chao, waliingia mikataba ya kazi, na wengi walipata ujira pale pale mtaani.

Hapo ndipo penye hoja yangu juma hili. Mara nyingi neno “ushirikishwaji” hutumika pale ambapo mpango umekwisha kuandikwa, fedha zimekwisha kugawanywa, na wananchi wanaitwa kuchanga na kupiga makofi. Huko si kushirikishwa, ni kuarifiwa. Anayejua maji ya mvua yanapita wapi usiku wa manane ni mama anayeyachota kwa ndoo kutoka sebuleni mwake. Mtaro uliochorwa bila kumwuliza waweza kuyahamisha maji hayo kutoka nyumba moja na kuyaingiza katika nyumba nyingine.

Papa Pius XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifundisha kanuni ya auni: lile ambalo jumuiya ndogo yaweza kulitenda, kubwa isiipokonye, bali iisaidie. Nayo Ibara ya 146 ya Katiba yetu inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kanisa na Katiba hapa vinasema lugha moja.

Hata hivyo auni haina maana ya kuwaachia watu taka zao na mitaro yao. Maskini hawezi kujenga daraja kwa mchango wa nyumba kwa nyumba. Halmashauri inayokusanya ushuru sokoni inadaiwa huduma na soko hilo hilo.

Tazameni pia mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mwema. Lakini ilibainika kuwa baadhi ya fedha zilikwenda kwa vikundi hewa na nyingine hazikurejeshwa, hata Serikali ikaisitisha mwaka 2023, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Kikundi hewa chaweza kuidanganya ofisi. Ni vigumu kuwadanganya majirani. Orodha ya wakopaji ikisomwa hadharani mtaani, mama lishe anayestahili atatetewa na wanaomwona kila alfajiri akiwasha moto.

Wala tusiwasahau wapangaji. Mtaa ukipata barabara, kodi za nyumba hupanda, na aliyevumilia tope miaka mingi huhama siku ambayo tope limekwisha. Nehemia anamtaja Meshulamu aliyejenga mbele ya chumba chake. Mwenye chumba kimoja naye ni mkazi. Sauti yake isikike.

Nasi waamini tujihoji. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo tunajua nani mgonjwa na nani amelala njaa. Lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa, viti vinabaki vitupu, kisha tunalalamika mapato na matumizi hayakusomwa. Watekoa walijenga, bali wakuu wao walikataa kuinama kazini, na Maandiko hayakuficha jambo hilo. Nawaomba kila jumuiya ihudhurie mkutano ujao wa mtaa wake, pamoja na majirani wa dini zote, iulize kwa heshima na isikilize kwa uvumilivu.

Kwa viongozi wetu nakumbusha kwamba Nehemia, kwa miaka 12 ya uliwali wake, hakula posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Kiongozi wa namna hiyo akiwaita watu, huitika.

Mwenyezi Mungu aibariki mitaa yetu. Nawatakieni nyote Dominika njema.