Helikopta haizimi moto wa mlima

Kila moto mkubwa unapowaka Mlima Kilimanjaro, lawama huambatana na dawa ileile: serikali inunue helikopta. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2020, moto ulipozuka tarehe 11 eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, ukateketeza takriban kilomita za mraba 95. Wengi waliamini kwamba mamia ya askari wa hifadhi, wapagazi, wanafunzi na wanavijiji waliopanda kwenda kuukabili kwa mapanga na matawi mabichi walikuwa wakihangaika bure, na kwamba ndege ingeumaliza kwa siku moja. Imani hiyo haina msingi, na ikifuatwa itakula fedha nyingi bila kuokoa msitu.

Kwanza ni suala la uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Helikopta ya ukubwa wa kati aina ya Huey hubeba ndoo ya lita 1,200 hivi, tena ikiwa sehemu za chini zenye hewa nzito. Juu ya mita 3,000 hewa ni nyepesi: mapanga ya ndege hukosa cha kushika, injini hupungukiwa nguvu, na rubani hulazimika kupunguza maji ili apae salama. Maji yenyewe yako mbali. Akiyachota Ziwa Chala, atapanda zaidi ya mita 2,000 huku ndoo ikining'inia, na safari moja ya kwenda na kurudi haitapungua dakika 20. Kupuuza hesabu hii ni hatari. Tarehe 5 Agosti 2008, helikopta iliyokuwa ikiwasafirisha wazimamoto katika milima ya Trinity Alps, California, ilianguka ilipokuwa ikipaa, wakafa watu 9 kati ya 13. Uchunguzi ulibaini kuwa uzito wake ulikuwa umeandikwa pungufu. Hapo palikuwa kwenye mita 1,800 hivi tu.

Pili ni tabia ya moto wenyewe. Ukanda wa Kilimanjaro unaoungua mara nyingi umefunikwa na vichaka vya Erica, vyenye mafuta na vinavyoshika moto upesi. Chini yake kuna mboji nene. Miali ikishazimika juu, kaa huendelea kutambaa ndani ya mboji na mizizi, kisha upepo ukivuma moto huibuka upya. Maji yanayomwagwa kutoka angani hulowesha majani, lakini kaa la chini linahitaji mtu mwenye jembe achimbe, atenganishe na apapase udongo hadi upoe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ndege haiinami.

Tatu ni gharama. Ndege ya zimamoto hukodiwa kwa malipo ya kila siku ya kuwa tayari, hata isiporuka, na juu yake malipo ya kila saa ya kuruka. Hapo bado hujahesabu mafundi, mafuta na vipuri. California ilipoamua kununua helikopta mpya aina ya Firehawk, bei ya moja ilikuwa takriban dola milioni 24. Hata utajiri huo hauhakikishi ushindi. Moto ulioteketeza mji wa Paradise, California, Novemba 2018 uliua watu 85, na upepo mkali na moshi mzito vilizuia kazi ya ndege siku hiyo ya kwanza. Januari 2025 upepo ulilazimisha ndege kutua wakati Los Angeles ikiungua. Moto unapokuwa mkali kuliko wakati wowote, ndipo helikopta inaposhindwa kuruka.

Helikopta ina kazi yake. Inaweza kupoza moto uliowaka saa chache zilizopita, na inaweza kupeleka watu na chakula kwenye mabonde yasiyofikika kwa miguu. Lakini hata hapo inamsaidia mtu wa ardhini. Asipokuwepo wa kukata mpaka wa moto pale maji yalipodondoka, shehena hiyo hugeuka mvuke na fedha imekwenda.

Utafiti wa Andreas Hemp ulionyesha kuwa Kilimanjaro ulikuwa umepoteza karibu theluthi moja ya msitu wake katika miaka 70, na katika sehemu za juu chanzo kikubwa ni moto. Moto huo huanzia kwa binadamu: wapishi wa kambini, warina asali, wawindaji haramu. Basi fedha ianzie hapo: majiko ya gesi kwenye njia za wapandaji, mizinga ya kisasa kwa warina asali, barabara za kinga moto zinazofyekwa kabla ya kiangazi, minara ya ulinzi, na vikosi vya vijiji vilivyofunzwa na kupewa buti, redio, pampu za mgongoni na posho. Vikosi hivyo vikishakuwepo, kukodi helikopta kwa siku chache kunaweza kuwa na faida. Visipokuwepo, kuinunua ni kununua kelele.