SEHEMU YA 7: Ukungu hauponi kwa rangi

 Leo tuongelee ukuta na dari la chumba anacholala mtoto.

Msimu wa mvua ukifika, kuna watoto wanarudi rudi kwetu: kikohozi, kifua kinabana, dawa, nyumbani, halafu hao tena. Si kila kikohozi kinatokana na nyumba, jamani. Lakini dari lenye madoa meusi silidharau hata kidogo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo likisema unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinaongeza matatizo ya kupumua na kuchochea pumu.

Sasa sisi tunafanyaje? Tunapaka rangi. Sikukuu inakaribia, baba ananunua ndoo ya rangi nyeupe, chumba kinapendeza. Mvua mbili tu, madoa yale yale. Maji bado yanaingia kwenye tundu la msumari juu ya bati, jipsamu inayanywa, na ukungu unakula hapo hapo.

Msiseme ni mambo madogo. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, wazazi wake Wasudani, alifariki Desemba 2020. Uchunguzi wa kifo ulimalizika 2022 ukasema chanzo ni ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alishalalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hela ya rangi iende kwanza kwenye bati.

1. Mtafute fundi kipindi cha kiangazi. Aangalie misumari iliyolegea, kofia ya bati na maungio.
2. Jipsamu iliyolowa ikalainika itolewe. Haiponi.
3. Ukuta wa saruji usugue kwa maji na sabuni, funika pua na mdomo, watoto wawe nje. Usikwangue ukiwa mkavu, vumbi lake ndilo baya. Ukitumia jiki, usichanganye kamwe na dawa ya choo wala siki. Hewa yake ni sumu.
4. Matundu ya hewa yale ya juu ya dirisha, toa matambara mliyoziba. Najua mnaogopa mbu. Weka wavu, hewa ipite.
5. Godoro lisigusane na ukuta wenye unyevu, na litoke juani.

Umepanga? Piga picha, mtumie mwenye nyumba, muulize lini fundi anakuja. Akisema tengeneza mwenyewe, mwandikishane mkate kwenye kodi. Na nyie mashemeji zangu, hili la bati si la mama peke yake.

Ila usisubiri fundi kama mtoto anahangaika. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni haraka mno. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, mlete hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Masika yanaanza Machi. Leo jioni angalia dari la mtoto, kisha uniambie umeona nini.