Mstari wa Kazi

Kila fomu ina mstari wa Kazi, nao ni mfupi kuliko mstari wa anwani. Mjazaji hutakiwa kuchagua moja: mwalimu, mkulima, mfanyabiashara, msanii. Toleo hili tumewapa wale ambao mstari huo unawapunja.

Chukua Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji. Alihubiri dini katika jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka 1954 alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu ambacho hadi leo kila mjadala wa vina na mizani hukirejea. Akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria katika serikali ya Nyerere. Alifariki mwaka 1964. Vijana wengi leo wanalijua jina lake kwa uwanja wa mpira wa Arusha.

Tumwite nani? Desturi yetu ni kuchagua cheo kikubwa, na hapo waziri humfunika malenga. Naipinga desturi hiyo. Mimbari, bunge na diwani vyote vilidai ulimi uliozoea kupima neno kabla ya kulitoa, na anayemsoma Amri kama mwanasiasa aliyekuwa akipitisha muda kwa mashairi hajamsoma.

Bi Kidude naye, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, huandikwa mwimbaji wa taarabu. Lakini alikuwa pia kungwi wa unyago, mpiga ngoma, mchora hina na mjuzi wa mitishamba. Sifa za dunia alizipata jukwaani. Mabinti aliowafunda hawakumlipia tiketi, basi kazi hiyo haihesabiwi, ingawa ngoma iliyowashangaza wageni ilikuwa ni ile ile ya unyago.

Sikatai kwamba mgonjwa ana haki ya kujua nani daktari wa upasuaji. Cheti kina mahali pake. Ila maisha ya mtu hayaandikwi kwa ajili ya karani wa masjala, na tukiyakata ili yaenee kwenye mstari wake, kinachotupwa mara nyingi ni kile kilichoziunganisha kazi zote.

Kwa hiyo katika toleo hili hamtaona vyeo chini ya majina ya waandishi. Kila mmoja ameeleza kwa maneno yake anachokifanya, na hatukumfupishia. Nanyi mtakaotuletea makala za toleo lijalo, fanyeni vivyo hivyo.