Nani Mgeni Ilemela?

Hapa Kirumba, Ilemela, kijana aliyezaliwa Uingereza na wazazi Wakerewe akifika kutafuta asili yake hupokewa kwa kicheko: "Kiswahili chenyewe kinakushinda, utamjuaje babu yako?" Kicheko hicho nakikataa.

Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ikasubiri hadi 1980 kuchapishwa, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe. Akafariki 1981. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe.

Aliyeisoma kwa Kiingereza huko ughaibuni amekwisha kupiga hodi kwa babu. Je, sisi tunaoziona meli za Ukerewe zikiondoka tumeisoma kwa lugha ipi?

Wako wanaosema tafsiri ni mlango wa uani. Mimi mfasiri nauliza: aliyefungiwa wa mbele apite wapi? Lugha hairithiwi kwa damu, hufundishwa. Asiyefundishwa hana kosa.

Myombekere alimfuata mkewe ukweni, akatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe wake. Sisi wetu wanarudi wenyewe, nasi twawacheka!