Nani Kakupa Mizani ya Uasili?

Kuna wajuaji ambao wakiona zulia la sufi la Wazapoteki huguna: "Ah, hili si la asili. Kondoo waliletwa na Wahispania, hata mtambo wa kufumia ni wao."

Haya, ni kweli. Kabla ya karne ya 16, wahenga wa Teotitlán del Valle, kule Oaxaca nchini Meksiko, walifuma pamba kwa mtambo mwepesi unaofungwa kiunoni. Kwa hiyo?

Kondoo hajui kutia rangi. Wekundu ule hutoka kwa kochinili, kidudu wa mpungate, anayekaushwa na kusagwa kwa jiwe. Ongeza ndimu, wekundu unageuka rangi ya chungwa. Huu ni ujuzi wa wenyeji. Wahispania waliubeba wekundu huo hadi Ulaya wakatajirika. Na ile nakshi ya ngazi inayojikunja? Nenda Mitla, jirani tu, utaikuta kwenye kuta za mawe zilizojengwa kabla Mhispania hajatia mguu huko.

Sisi Waswahili tunaujua mchezo huu. Mara ngapi tumeambiwa ati lugha yetu ni ya kuazima, kisa tunasema "kitabu" na "meza"?

Halafu sikiliza vizuri: guno hilo huishia kwenye bei. Akishasema si la asili, kinachofuata ni "punguza basi." Wiki kadhaa za kusokota, kutia rangi na kufuma zinageuka bure.

Jamani, lipeni kazi ya mikono. Nasaba ya kondoo waachieni wachungaji.